Kundi la Wasiopakwa

Wananchi wote wenye ngozi mnatangaziwa kwamba Idara ya Uthibitishaji wa Majani, ambayo mimi mstaafu nilikuwa katibu wake, iliwahi kumaliza kisayansi ubishi wa kama mwarobaini unatibu choa.

Tulianza kwa kufunga kibanda cha Mama Majani. Mama huyo alikuwa akiwapaka watu mwarobaini kwenye choa, nao wanapona bila kibali.

"Kupona kiholela hakukubaliki," alisema Mkurugenzi. "Tusubiri sayansi itamke."

"Na wanangu wale nini huku sayansi inasafisha koo?" aliuliza Mama Majani.

"Mchakato unaendelea, mama."

Mchakato ulikuwa hivi: wenye choa wagawanywe kwa kura ya bahati, kundi moja lipakwe dawa, la pili lisipakwe chochote, tulinganishe. Mkurugenzi akatunga kanuni kwa mkono wake. Kuhama kundi, marufuku. Kujipaka pembeni, marufuku. Raia akikiuka, aondolewe. Mtumishi akikiuka, kazi hana.

Siku ya kuandikisha wagonjwa joto lilikuwa kali. Mkurugenzi akajifuta jasho kwa taulo la mgonjwa, kuonyesha kwamba ofisi haibagui. Baada ya siku chache choa kikamtoka shingoni, duara safi kama muhuri. Nikamwandikisha, maana utaratibu ni utaratibu. Kura ikamtupa kwa wasiopakwa.

"Katibu, rudia kura," alininong'oneza, akijikuna kwa rula.

"Bosi, kanuni..."

"Naijua! Si nimeiandika mimi?"

Choa kikashuka mgongoni. Jioni moja nikamkuta kwa Mama Majani, anabembeleza kupitia tundu la mlango.

"Mama yangu, kidogo tu. Hapa begani."

"Nikupake bila kibali, baba? Unataka nifungwe?"

Siku ya matokeo, Waziri alikaa mbele. Waliopakwa walikuja wanang'aa. Wasiopakwa wote walikuwa wameshatorokea kwa shangazi zao wakapakwa, wakaondolewa kwenye utafiti. Wote, isipokuwa mtumishi mmoja.

"Sasa nitalinganisha na nani?" aliuliza Waziri.

Ukumbi mzima ukamgeukia Mkurugenzi. Akapanda jukwaani, akavua koti, tai, shati.

"Mgeuzeni na huku!" alipiga kelele Mama Majani. "Wa nyuma hatujaona!"

Akageuzwa. Ushahidi ulitosheleza. Waziri akatia saini kibali cha Mama Majani palepale, watu wakashangilia.

"Basi na mimi nikapakwe, Mheshimiwa?" aliuliza Mkurugenzi, shati mkononi.

"Thubutu!" akasema Waziri. "Wewe ndiye kundi zima. Kaa hivyo hivyo, kuna wafadhili wanakuja kukuona."