Mti Ulioagizwa Kunyooka

Idara ya Mandhari ilitangaza, kwa fahari kubwa na kwa vipaza sauti viwili ambavyo kimoja kilikuwa kizima, kwamba kuanzia siku hiyo wilaya itakuwa na mandhari. Kabla ya hapo, alifafanua Mkurugenzi, wananchi walikuwa na miti na mashamba tu, vitu visivyosajiliwa, ambavyo kila mtu aliviangalia apendavyo bila utaratibu wowote. Sasa mandhari itachorwa kidijitali, itapitishwa na kamati, itagongwa muhuri, na mwananchi ataitazama akiwa na uhakika kwamba anachokiona kimeidhinishwa. Watu wakapiga makofi. Wengine walidhani ni habari ya maji.

Kazi ya kuchora ilimwangukia Mchoraji. Jina alikuwa nalo, lakini mlango wa ofisi yake uliandikwa MCHORAJI, na tangu hapo hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo kwa utani. Alikuwa binti mwembamba mwenye kishikwambi kilichopasuka kioo kwenye kona, na kalamu ya plastiki aliyozoea kuichomeka kwenye nywele kisha kuitafuta nyumba nzima. Alipenda miti jinsi wenzake walivyopenda mpira.

Alichagua kuchora kile kiwanja cha umma pembeni ya mji. Upande wa kushoto kulikuwa na kishamba cha mahindi cha mama yake, na kando ya mahindi kulikuwa na mkuyu mkubwa ulioinama kama mtu anayesikiliza umbea. Chini ya mkuyu huo mama yake aliweka cherehani, na hapo ndipo aliposhona sare za shule, mapazia na suruali za watu walionenepa ghafla. Katikati ya kiwanja, mahali ambapo zamani watoto walicheza mpira, palikuwa na ghorofa jipya lenye bati la buluu. Lilikuwa la Mkurugenzi. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu, kwa hiyo halikuzungumzwa na yeyote.

Mchoraji alifanya kazi kwa raha zote. Asubuhi nzima aliitafuta ile rangi ya mahindi baada ya mvua, kijani kinachokaribia kuwa buluu, na alipoipata aliruka kwenye kiti mpaka jirani akagonga ukuta. Kila kitu alikichora kwenye tabaka lake: anga peke yake, mahindi peke yake, mti peke yake, ghorofa peke yake, kama mashuka yaliyotandikwa moja juu ya jingine. Ukitaka kitu kisionekane huna haja ya kukifuta. Unagusa kijicho kidogo pembeni ya kioo, shuka hilo linalala, mengine yanabaki. Ukigusa tena linaamka.

Kamati ya Kupitisha Mandhari ilikaa kwenye chumba chenye feni moja na maoni mengi. Picha ilipoonyeshwa ukutani, wajumbe waliitazama kwa umakini wa watu wanaolipwa kutazama.

"Hayo mawingu," aliuliza mjumbe wa kwanza, "yana kibali?"

"Ni mawingu ya kawaida tu, mzee," alijibu Mchoraji.

"Ndiyo maana nauliza."

Mjumbe wa pili alitaka kujua kwa nini mahindi hayalingani urefu, ilhali serikali inasisitiza usawa. Ikaamuliwa yasawazishwe. Kisha Mkurugenzi akajikohoza, na feni yenyewe ikaonekana kupunguza mwendo kwa heshima.

"Huu mti una nini?"

"Umeinama, mzee."

"Umeinamia wapi?"

"Kwenye... kwenye ile nyumba."

"Nyumba ipi?"

Wajumbe wote wakaanza kutafuta kitu sakafuni. Ghorofa lilikuwa pale ukutani, na bati lake la buluu, likiwaangalia.

"Nyumba si mandhari," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Nyumba inazua maswali. Iondoe. Ama mti, huo unyooshwe. Mti ulioinama unaonyesha utovu wa nidhamu. Mwananchi akiamka asubuhi akauona, naye atainama."

"Atainama, mzee?"

"Kimaadili. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huu haukukunjwa. Ulilelewa vibaya."

Katibu, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika na kugonga muhuri, akaandika kwamba mti ulilelewa vibaya, kisha akagonga muhuri. Mchoraji akagusa kijicho kimoja baada ya kingine, ghorofa likatoweka pamoja na ua wake na vyote vilivyokuwamo. Akachora mkuyu mwingine, ulionyooka kama bomba la chuma, akauweka mahali pa ule wa kwanza, ambao aliulaza. Aliona aibu, na aibu hiyo alitembea nayo mpaka nyumbani. Lakini alijipa moyo. Picha ni picha, alijiambia. Mti hausomi maazimio ya kikao.

Mti haukusoma, ni kweli. Ila Idara ilisoma. Picha ilichapishwa kubwa, ikatundikwa mlangoni, na mkaguzi akatumwa kiwanjani kuilinganisha na mandhari. Alirudi amekunja uso. Vitu viwili havikufanana. Kwa kuwa picha ilikuwa imepitishwa, haikuweza kuwa na kosa, kwa hiyo kosa lilikuwa la mandhari. Mkurugenzi akatoa waraka: siku ya uzinduzi, mbele ya Mgeni Rasmi, kila kitu kiwanjani kisichofanana na picha iliyoidhinishwa kitaondolewa kwa buldoza, kuanzia kilicho kikubwa kuliko vyote. Jioni hiyo mtu alikuja na kopo la rangi nyekundu, akauchora mkuyu alama ya X kwenye shina. Mama alikuwa bado anashona. Mtu yule alimwomba asogee kidogo, rangi isimrukie.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeunyoosha," mama alimwambia Mchoraji alipofika.

"Niliambiwa, mama."

"Na wakikuambia unichore mimi bila kichwa?"

"Hiyo ingehitaji kikao cha dharura."

Walicheka wote wawili, maana hawakujua wafanye nini kingine. Kisha mama akaacha kucheka, akapapasa gurudumu la cherehani yake.

"Mwanangu, hii mashine nitaipeleka wapi? Kule sokoni jua linawaka mpaka sindano inaunguza vidole. Hapa ndipo nilipokusomeshea wewe, mshono kwa mshono. Ulale ukijua hivyo."

Mchoraji hakulala akijua hivyo. Hakulala kabisa. Asubuhi akaenda kwa Mkurugenzi, akamkuta anakunywa chai, akamwomba mti uachwe.

"Binti, mimi nasikitika kuliko wewe," alisema Mkurugenzi. "Kila siku majani yake yanaingia kwenye tangi langu la maji... yaani, nilichotaka kusema, sheria ni msumeno."

"Inakata mbele na nyuma, mzee?"

"Mbele na nyuma! Umenielewa vizuri sana."

Mchoraji alimshukuru, akatoka. Kwenye ngazi akausoma waraka upya, polepole, kama anayetafuta chawa kwenye mshono. Alipofika kwenye maneno "kuanzia kilicho kikubwa kuliko vyote" alisimama. Akasoma tena. Akaanza kucheka peke yake, mpaka mlinzi akamuuliza kama anaumwa.

Siku ya uzinduzi kiwanja kilifurika. Palikuwa na turubai, viti vya plastiki, buldoza la njano lililooshwa likang'aa, na kioo kikubwa ambacho picha ilionyeshwa juu yake ubavuni mwa mandhari yenyewe, ili watu waone jinsi mandhari ilivyokosea. Mama alikataa kuhamisha cherehani. Alikuwa amekaa pale pale chini ya mkuyu, anashona pazia la mtu, ameligeuzia buldoza mgongo.

Mgeni Rasmi alikuwa mama mnene mwenye miwani myeusi na haraka nyingi. Ratiba ilisema Mchoraji ataonyesha tofauti, kisha dereva ataziondoa. Mchoraji akashika kipaza sauti. 

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waraka wa Mkurugenzi unasema tuanze na kikubwa kuliko vyote ambacho hakifanani na picha. Mimi ni mchoraji tu, siwezi kupima. Labda kaka yetu dereva atusaidie."

Dereva wa buldoza alikuwa mtu wa maneno machache na utii mwingi. Aliangalia picha. Aliangalia mti. Aliangalia nyuma ya mti.

"Kubwa ni lile ghorofa," akasema. "Kwenye picha halipo."

Chini ya mkuyu, cherehani iliendelea kulia.

"Ghorofa la nani hilo?" aliuliza Mgeni Rasmi.

Katibu alitazama picha yenye muhuri wake mwenyewe. "Mheshimiwa, kwa mujibu wa picha, hakuna ghorofa."

"Kwa hiyo nikisema libomolewe, nitakuwa nimebomoa nini?"

"Hakuna kitu, Mheshimiwa."

"Na hakuna atakayelalamika?"

"Wa kulalamikia nini, Mheshimiwa?"

"Basi tusipoteze muda."

Dereva akawasha mashine. Ilinguruma, ikatema moshi, ikageuka taratibu kuelekea bati la buluu. Mkurugenzi aliinuka. Akaruka viti viwili, akamnyang'anya Mchoraji kipaza sauti.

"Simameni! Picha imekosea!"

"Imekosea?" alisema Mgeni Rasmi. "Si wewe uliyeipitisha?"

"Imekosea kabisa, Mheshimiwa! Nyumba ipo! Ina vyumba vya kulala! Na ule mti umeinama! Umeinama tangu zamani na unapendeza sana ukiwa umeinama! Binti, rudisha kila kitu kilichopo hapa, usiache hata kimoja!"

"Nitahitaji idhini, mzee," alisema Mchoraji kwa adabu.

"Umepewa! Mbele ya Mheshimiwa, umepewa!"

Basi Mchoraji akatoa kalamu kwenye nywele, akaanza kuamsha mashuka. Aligusa kijicho cha kwanza, mkuyu ukainama kwenye kioo kikubwa, na watu wakapiga kelele kama limefungwa bao. Aligusa cha pili, mahindi yakapoteza usawa wake. Aligusa cha tatu, ghorofa likatokea, bati na yote.

"Ni kweli hiyo?" aliuliza Mgeni Rasmi.

"Kweli tupu!" alisema Mkurugenzi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye buldoza, siyo kwenye kioo. "Kila kilichomo humo ni kweli! Naithibitisha mimi mwenyewe!"

Katibu, aliposikia neno "naithibitisha", akaandaa muhuri.

Mchoraji alikuwa hajamaliza. Yeye alipochora mwanzo alichora alichokiona, na jicho lake lilikuwa halichagui. Akagusa tena, na ukuta wa ua ukatokea, umekatiza uwanja wa mpira katikati. Akagusa tena, ndani ya ua likatokea goli la watoto, limeanikwa mashati. Akagusa tena, mpira mrefu wa maji ukajinyoosha kutoka bomba la umma, ukapita chini ya ukuta, ukapanda mpaka kwenye tangi. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Mwisho kabisa likatokea banda la kuku, na paa la banda lilikuwa kibao cha bati chenye maandishi.

"Hebu kivute karibu," alisema Mgeni Rasmi, akavua miwani.

Mchoraji akakivuta. Kilisomeka: KIWANJA CHA UMMA. NI MARUFUKU KUJENGA.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipogeuka kutazama kioo. Alisoma kibao hicho polepole, midomo ikichezacheza, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Nyuma yake ulisikika mlio wa muhuri. Katibu alikuwa amegonga.

Mgeni Rasmi akavaa tena miwani yake.

"Picha imethibitishwa, na nyumba imo," akasema. "Kwa hiyo nyumba itabaki, ni mandhari. Mti umo, utabaki. Lakini wewe, Mkurugenzi, nimekutafuta kwenye picha nzima. Sikuoni."

"Mimi, Mheshimiwa?"

"Kisichofanana na picha kinaondolewa. Si ndivyo ulivyoandika?"

Dereva, mtu wa utii, akaligeuza buldoza taratibu kumwelekea Mkurugenzi. Ilibidi aelezwe kwamba safari hii Mkurugenzi ataondoka kwa miguu yake.

Ghorofa sasa ni shule ya kuchora. Mahali palipokuwa sebule, watoto wanagombea kishikwambi, na goli limerudishwa mahali pake. Mkurugenzi wa zamani aliwaandikia maombi mengi wajumbe wale wale, akiomba achorwe tena, hata kwa mbali, hata mgongo. Kamati ilikaa chini ya feni yake, ikajadili, ikaona mkuyu unaangusha majani na kwenye picha hakuna wa kuyaokota. Akapitishwa. Mchoraji alimpa tabaka lake mwenyewe: mzee mwenye fagio, ameinama kabisa, chini ya mti ulioinama.

Kila asubuhi mkaguzi hupita kuhakikisha kwamba mandhari inafanana na picha. Na yule mzee akijisahau, akanyoosha mgongo kidogo apumzike, mama humwita bila kuinua macho kwenye cherehani yake.

"Inama, baba. Inama kidogo tena. Ndivyo ulivyopitishwa."