Gitaa la Jazi Juu ya Meko ya Mama Mkwe

Mtawanya, Kibiti

Kwa Mhariri,
Jarida la Nyuzi na Sauti

Ndugu Mhariri,

YAH: GITAA LANGU KUTUNDIKWA JIKONI KWA SABABU YA MAKALA YENU

Asalaam aleikum. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, mpiga gitaa la solo, na mume wa Ashura binti wa Bi Mwanabibi. Nayataja yote matatu kwa sababu yote matatu yamo katika kesi hii.

Toleo lenu lililopita lilikuwa na makala juu ya magitaa ya jazi ya tumbo tupu kwa mtu wa kipato cha kawaida. Niliisoma mara saba. Nikauza baiskeli, nikaagiza gitaa Dar, likaja na basi ndani ya boksi la feni. Zuri, Mhariri, sikatai. Kifua kimebinuka, na kila upande wa nyuzi kuna tundu refu lililojikunja kama ndoana. Nililipiga siku arobaini mfululizo, kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi, wimbo uleule mmoja, ili uniingie vidoleni. Siku ya arobaini na moja nikarudi kutoka shambani nikakuta msumari peke yake ukutani. Mama mkwe alikuwa ametia ndani ya gitaa pishi mbili za mbegu za mpunga, akaziba matundu kwa nta, akalitundika jikoni juu ya meko, pale panapotundikwa vibuyu vya mbegu ili moshi ufukuze fukusi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mliandika kwamba gitaa hili lina tumbo tupu. Hamkuandika kwamba libaki tupu. Huku kwetu mtu mwenye akili akionyeshwa kitu kitupu, huuliza kitatiwa nini.

2. Mliandika kwamba mbao zake zimekaushwa vizuri, hazishiki unyevu, na kwamba ni jepesi hata likitundikwa mwaka mzima. Kwa ujinga wangu niliyasoma hayo kwa sauti pale barazani, mama mkwe akipeta mchele. Nilitaka ajue binti yake hakuolewa na mtu wa hovyo. Alisikiliza kwa makini mno, hata ungo ukasimama. Sasa ndiyo najua alikuwa anasikiliza nini.

3. Hamkufikiria adabu. Jikoni kwa mama mkwe siingii, neno la kumdai simwambii, na jina lake silitamki mbele yake. Hapa nimeliandika kwa ajili ya shida tu, na nimeliandika nikiwa nimeinama. Nilimtuma mke wangu, akarudi anacheka. Nikamtuma mzee Fikirini, aliyekuwa mshenga wetu. Aliingia asubuhi, akatoka adhuhuri akijipangusa mafuta ya pilau midomoni, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mbegu ziko salama. Kwa kuwa mama mkwe hasemwi, nimeona nikuseme wewe.

4. Rangi. Mlisema magitaa ya bei mbaya huwa meusi ukingoni na rangi ya asali katikati, na kwamba sisi wengine turidhike na rangi moja. Langu limeshaipata hiyo rangi kwa moshi wa kuni za mkorosho. Nililiona kwa mbali, mlango ulipoachwa wazi. Limependeza hadi machozi yakanitoka, na moshi haukuwa umenifikia.

5. Jambo limetoka nje ya nyumba. Jirani yetu Bi Kijakazi amekuja kuligonga tumbo kwa kidole na kuondoka akitikisa kichwa kwa kuridhika. Bwana shamba amelipiga picha. Wanawake watatu wamenisimamisha njiani kuniuliza kama yapo yenye tumbo kubwa zaidi, ya kutilia kunde. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za nyuzi.

6. Jumamosi ijayo tumeitwa kupiga kwenye harusi ya binti mmoja, Faudhia, kule Utete. Mudy, kiongozi wa bendi yetu, amesema nisipofika na gitaa, nafasi yangu anampa mtu wa kinanda. Miaka sita nimengoja kuitwa nipige mbele za watu, Mhariri. Naumia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Kwa hiyo naomba kila makala ya gitaa iwe na onyo kwa herufi kubwa kwamba hiki si chombo cha mbegu. Pia mafundi washauriwe kutoboa tundu la tatu, chini kabisa, mpunga ukitiwa umwagike. Na wewe mwenyewe ufike Mtawanya kabla ya Ijumaa, umevaa kanzu safi, uwe mshenga wangu wa pili. Pilau usile mpaka gitaa liwe mkononi. Ukishindwa, nitaomba jarida lenu lihesabiwe kuwa la kilimo.

Wasalimie wachapaji, mtu wa picha, na mwandishi wa makala ile. Mwambie sina kinyongo naye, ila asipite Kibiti msimu huu wa kupanda.

Ndimi msomaji wenu, mikono mitupu,
Sadallah Ismaily

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mke wangu ameichukua barua hii akaenda kumsomea mama yake jikoni. Wamecheka mpaka kuku wakatoka. Jibu nimeletewa. Mama anasema makala yenu haikumdanganya hata kidogo. Gitaa analijua, ujana wake alicheza dansi Utete kila Idi. Vibuyu vya mbegu anavyo vinne, na vyote sasa hivi ni vitupu. Kilichomshinda ni wimbo wangu, siku arobaini. Atalishusha gitaa siku nitakayokuwa na wimbo wa pili. Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la sita, na nakuomba kwa heshima unitumie wimbo mwingine kabla ya Jumamosi. Uwe mfupi.