Maneno Yangu Yamepanda Kasongo

Jumatatu, 1 Juni 1953. Wamaza.
Ghala limejaa pamba. Watu hakuna. Iko mimi na Yakubu mlinzi, na Yakubu ana habari moja tu, ya mbuzi wake aliyeibiwa. Leo ameisimulia tena. Nikashukuru! Mke wangu Mathilde yuko Kasongo kwa mama yake, ameapa hakanyagi Wamaza. Nimemkumbuka mpaka naongea na mzani. Lazima nihame. Penye nia pana njia.

Jumamosi, 6 Juni.
Kampuni yetu ni ngazi. Mimi Zéphirin, karani wa ghala, nasema na Bulaimu tu, kapita anayesimamia maghala ya njia hii. Bulaimu anasema na Octave, karani mkuu wa Kasongo. Octave ndiye anayeingia kwa Bwana Direkta. Kuruka mtu ni kosa. Basi leo Bulaimu alipofika na baiskeli yake, nikamfungia kuku mzima nyuma. Nikamwambia upweke unaniua, nipelekwe Kasongo. Akasema amesikia. Mambo tayari!

Jumamosi, 13 Juni.
Mama yangu! Wamemhamisha Yakubu! Nikamuuliza Bulaimu ilikuwaje. Akasema Octave hapendi kilio, kwa hiyo alimwambia tu Zéphirin iko peke yake na kazi inaenda. Octave naye haingii kwa Bwana na maneno mabaya. Akasema Zéphirin hahitaji mtu. Bwana akafurahi, akauliza mlinzi wa nini basi. Yakubu ameondoka anaimba. Nimejipalia makaa mwenyewe.
Jioni kimya. Nimejisimulia habari ya yule mbuzi. Sikuimaliza.

Alhamisi, 18 Juni.
Kamioni ya Bwana imepita kwenda Kabambare. Mpango wangu: kuruka ngazi yote! Nikaikimbilia, napunga kofia. Ikasimama. Nikasema yote kwa pumzi moja. Bwana akauliza kama nimempitia kapita wangu. Kamioni ikaondoka. Nimekula vumbi.

Jumamosi, 27 Juni.
Bulaimu amekuja amevimba kwa hasira kwa kuwa nilimruka. Kumbe Octave aliulizwa kwa nini makarani wake wanakimbiza kamioni. Ili ajiponye, akajibu ni mapenzi ya kazi. Bwana akasema mtu wa namna hiyo apandishwe. Mimi ni kapita! Wa njia ya Salamabila! Mbali zaidi! Na Bulaimu? Amepewa kazi Kasongo, na nyumba juu yake. Nilitaka kulia. Ila cheo ni cheo.

Jumamosi, 11 Julai. Njia ya Salamabila.
Nimefika ghala la Abdallah, karani, mtu mzima wa Nyangwe. Alikuwa amepika samaki. Akaniomba nikae kidogo tuongee, maana siku nyingi hajasikia sauti ya mtu. Mke wake yuko mbali. Akaniomba nimsemee ahamishwe. Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Lakini nikikaa naye, kesho ataniita Zéphirin badala ya Kapita. Nikamwambia nimesikia, nikapanda baiskeli.
Njia panda nikamkuta Octave, ametoka Kasongo kukagua maghala. Mtu mwenye akili hapandishi kilio juu. Nikamwambia Abdallah anafurahi sana pale, hana shida yoyote. Octave akanisifu. Palepale nikamkumbusha ombi langu la Kasongo, na namna ninavyoteseka bila Mathilde. Ameahidi kumweleza Bwana vizuri.
Nimekula ugali peke yangu, lakini kwa raha. Octave si mtu wa kubadilisha maneno.