Jino na Karanga za Taifa

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na mwenye kitu mdomoni akimeze kwanza, maana habari hii haisikilizwi kwa kutafuna. Ni habari ya Jino, binti mnyamavu wa darasa la tatu, mwenye sauti ndogo kuliko ya mbu nyuma ya pazia, na ya siku aliyoutikisa ulimwengu kwa kipande cha nondo.

Zama hizo Mwalimu wa Hesabu, bahari ya elimu, mvaa tai hata juani, alitaka kuwafundisha wanafunzi wake kutafuta mali, kuiweka na kuitumia. Muhula uliotangulia aliwapa noti za karatasi; wakazighushi mpaka daftari zikaisha. Basi safari hii akanguruma: "Fedha ya taifa hili ni karanga za kukaanga! Afagiaye atalipwa, afutaye ubao atalipwa, achelewaye atatozwa. Ijumaa ni mnada, na mshindi atapiga kengele ya kwenda nyumbani!"

Darasa likazizima. Kengele ile, rimu la lori lililoning'inia nje ya ofisi, haikuwa imeguswa na mtoto yeyote tangu shule ijengwe. Jino akaitamani. Mara ngapi jina lake liliitwa asubuhi, akaitika, na bado akaandikwa hayupo? Akiipiga ile, shule nzima itajua kuwa yupo.

Lakini nani alipata kuona fedha inayonukia? Kufika Jumanne matajiri walikuwa wamejifilisi kwa meno yao wenyewe. Hapo akainuka Shavu, simba wa dawati la nyuma, akafungua benki katika mfuko wa kaptura.

"Nileteeni, ndugu zangu! Weka kumi leo, Ijumaa uchukue kumi na mbili!"

Wakaweka. Kesho yake wakazidai.

"Benki imefungwa," akasema Shavu, akifuta chumvi midomoni.

"Shavu, umekula hela zetu!"

"Nani kala? Nimezihamishia makao makuu." Akapapasa tumbo.

Hata Mwalimu, mtoza ushuru asiye na huruma, akawa anaukabili ubao kwa muda mrefu bila kuandika kitu, masikio yakimpanda na kushuka.

Jino peke yake hakula. Alikuwa na jino la utotoni lililoning'inia kwa uzi, na ndilo lililompa jina. Kila karanga kwake ilikuwa mkuki. Alifagia, akafuta ubao, akatia ujira wake koponi. Wapo wanaosema ni busara. Mama yake alisema ni jino.

Ijumaa ikawadia, siku ya kutambuana. Shavu akapanda juu ya dawati.

"Ninazo saba! Mwenye zaidi ajitokeze tuonane!"

"Moja imeng'atwa!" wakapiga kelele.

"Hiyo ndiyo chenji!"

Mwalimu akainua rula. "Saba, mara ya kwanza! Saba, mara ya pili!"

Jino alikuwa na kopo limejaa pomoni. Akasimama. Kopo likamtetemekea mikononi, likalia kabla yake: chakacha-chakacha! Vichwa vyote vikageuka.

"Zote," akanong'ona.

"Sema tusikie, mwanangu."

"ZOTE, Mwalimu! Natoa zote!"

Rula ikamponyoka Mwalimu. Shavu akashuka dawatini, mpole kama kondoo aliyenyeshewa. "Dada Jino, nikopeshe basi kidogo."

"Benki imefungwa."

Wakatoka nje kwa vifijo, Jino mbele na jeshi lenye njaa nyuma yake. Akaishika nondo ya kugongea kwa mikono miwili, akafumba macho, akapiga. Ngaaaa! Kuku wa jirani wakaruka ua, Mwalimu Mkuu akajimwagia chai, na jino, baada ya kustahimili wiki nzima, likachomoka na kuangukia mchangani.

"Nani kapiga hivyo?" akafoka Mwalimu Mkuu kutoka dirishani.

"Mimi hapa!" akajibu, pengo likipuliza kama filimbi.

Mwalimu wa Hesabu akatumbukiza vidole koponi, akamrudishia karanga moja. "Chenji yako, mheshimiwa."

Jino akaitia mdomoni, akaitafuna polepole, taifa zima likimeza mate. Na waandike wenye kalamu: siku ile mali ililiwa hadharani na mwenyewe, na hakuna aliyemdai.