Vita vya Pudingi Katika Ua wa Thelma Quilty

Sogeeni, enyi wenye masikio na muda wa kuyatumia. Waacheni wafalme na majemadari walale makaburini mwao, kwani wamesifiwa vya kutosha, nanyi mnisikilize niwasimulie ushujaa uliotendeka nyuma ya nyumba ya mbao katika mji mdogo wa Tarrabin, siku moja kabla ya Krismasi, jua likiwa kali hata nyenze wamelia mpaka wakachoka. Ewe ulimi wangu, usiteleze. Ewe kumbukumbu, usinipunguzie hata tone moja la jasho la shujaa, maana jasho lilikuwa jingi. Namtaja Graeme Tuckwell, fundi wa mashine za kufulia, mwenye magoti mekundu na miwani iliyofungwa kwa kamba kisogoni, mkwe wa ukoo mkuu wa akina Quilty, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuna mtu katika ukoo ule aliyemwita kwa jina lake.

Walimwita kwa jina la mkewe. Mume wa Jeanette, lete barafu. Mume wa Jeanette, kasimame kule karibu na mbolea. Mama mkwe wake, Bi Thelma Quilty, malkia wa ua ule, mwenye kofia ya majani na kauli isiyokatiwa rufaa, hakuwa akimchukia. Alikuwa tu hajapata sababu ya kumwita vingine. Kwa maana katika ukoo ule mtu huzaliwa mara mbili, kwanza hospitalini, kisha kwenye mlango wa banda la zana.

Mlango huo ni wa kijani, na juu yake, kwa rangi nyeupe, zimeandikwa orodha mbili za majina. Kushoto wamo waliowahi kufikisha mikimbio ishirini katika kriketi ya ukoo, ichezwayo uani kila mwaka siku hiyohiyo. Kulia wamo waliowahi kudaka kwa mkono mmoja kabla mpira haujagusa ardhi. Sheria hizo alizitunga marehemu Colin Quilty, mume wa Thelma, na tangu afe hakuna aliyethubutu kuzigusa. Watoto wake wote wamo mlangoni. Shangazi Merle yumo, aliyedaka akiwa na kikombe cha chai mkono wa pili wala asimwage. Mchungaji yumo, na yeye alipita tu kuomba maji. Neville naye yumo, na Neville ni mbwa. Alidaka kwa mdomo, baraza likaketi, na ikaamuliwa kwamba mdomo wa mbwa ni mkono wake. Graeme peke yake hakuwamo.

Na sasa nimtaje Neville inavyostahili: Labrado mweusi, mwenye tumbo lisilo na mwisho na pua isiyodanganyika, mmalizaji wa masalia, mlinzi wa miguu ya meza. Colin alimleta nyumbani akiwa kitoto, ndani ya kofia yake, katika majira ya baridi ambayo yalikuwa ya mwisho kwake. Tangu hapo Bi Thelma huamka alfajiri na kuzungumza na mbwa yule jikoni, kwa sauti ileile ya chini aliyokuwa akizungumza nayo na mumewe. Kila mtu alijua, na hakuna aliyewahi kulisema.

Krismasi ya mwaka uliotangulia, shemeji mkubwa Darryl, mtu mwenye mabega mapana na moyo mpana zaidi, alimpitishia Neville mafuta ya nyama ya nguruwe chini ya meza, pande baada ya pande, kwa mapenzi matupu. Kesho yake mbwa alijikunja kona na kutapika. Daktari wa wanyama wa mjini alikuwa amefunga kwa sikukuu, ikabidi Graeme aendeshe gari kilomita mia na arobaini, Bi Thelma akiwa kiti cha nyuma, kichwa cha Neville mapajani mwake, hakusema neno njia nzima. Graeme alimtazama kwenye kioo mara moja tu, kisha akaona aibu kutazama tena.

Mbwa alitundikiwa maji siku mbili, akapona. Tangu siku ile Graeme akajitwika ulinzi bila kutumwa na mtu. Kila jioni alimpapasa Neville kutoka masikioni hadi katikati ya vidole, akitafuta kupe, maana kupe wa kule humpoozesha mbwa akafa. Alimvalisha ukosi wenye namba ya simu, ili hata fataki za mwaka mpya zikimtorosha arudishwe. Na kwenye mlango wa friji akabandika karatasi yenye kuorodhesha visivyoruhusiwa: zabibu, vitunguu, chokoleti, mifupa iliyopikwa, na mkono wa Darryl.

"Shemeji," akasema Darryl asubuhi ile, akiisoma karatasi huku anatafuna, "mbwa wa babu alikula mpaka sabuni, na aliishi miaka kumi na saba. Wewe huyu unamlea kama yai."

Graeme akaweka kikombe chini, akajinyoosha kama anayehutubia bunge. "Mbwa wa babu yenu hakuna aliyemuuliza anaumwa wapi. Zabibu kavu zinaua figo za mbwa, Darryl, na kiganja kimoja tu kinaweza kutosha. Nyinyi nichekeni mpaka mbavu ziume, ila wakati wa kula mkono wako ukae juu ya meza niuone."

Wakamcheka mpaka mbavu zikauma kweli. Bi Thelma hakucheka. Alikuwa jikoni akiitoa pudingi ya Krismasi, keki ya kuchemshwa, kwenye sufuria, na pudingi ile, ndugu zangu, ilikuwa na kilo nzima ya zabibu kavu zilizolazwa ndani ya ramu kwa mwezi mmoja. Ilikuwa ya duara, nzito, imefungwa kitambaa cheupe na kamba shingoni. Kwa desturi aliyorithi kwa mama yake, pudingi ikishachemka sharti itundikwe nje, upepo ukaushe kitambaa, kisha ichemshwe tena Krismasi yenyewe. Naye huitundika pale palipo juu kuliko pote uani, yaani kwenye mwamvuli wa kuanikia nguo, ule mlingoti wa chuma wenye mikono minne na nyaya, unaozunguka upepo ukivuma, na wenye mpini wa kuupandisha na kuushusha. Pudingi ikafungwa kwenye mkono mmoja, mwamvuli ukapandishwa hadi mwisho, juu kuliko mruko wa mbwa yeyote.

Sasa sikilizeni jinsi mtu hodari anavyojichimbia shimo. Miaka ishirini mpini ule ulikuwa na kutu, na kuuzungusha kulihitaji watu wawili na matusi matatu, tena ulilia hadi mtaa wa pili. Asubuhi ile Bi Thelma alimwomba mume wa Jeanette aupake grisi. Naye, fundi asiyejua kufanya kazi nusu, akaupaka kila jino na kila uwazi, mpaka mtoto mchanga angeweza kuuzungusha kwa kidole, na usitoe sauti yoyote.

Alasiri ikaingia, na mchezo ukaanza. Pipa la taka likasimama badala ya vijiti. Mbele, hatua kumi na tano, likawekwa kreti la bia. Apigaye mpira hukimbia hadi kreti, na huo ndio mkimbio; kreti likigongwa kwa mpira kabla hajafika, ametoka. Darryl, mrushaji wa kutisha, aliyevunja kwa miaka mingi mioyo na madirisha, akashika mpira. Graeme akashika gongo. Miaka yote kumi na miwili hakuwahi kuvuka mikimbio mitatu. Lakini siku hiyo, sijui ni joto au ni hasira za kuchekwa, kila alichorushiwa alikipiga. Akafika mitano. Akafika kumi. Kelele za dhihaka zikapungua, watu wakaanza kusogeza viti. Bi Thelma, mshika kumbukumbu, akavaa miwani yake ya kusomea. Mikimbio kumi na tisa.

"Mmoja tu, mpenzi," Jeanette akamwambia kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anamkumbusha kununua maziwa. Lakini Graeme alimwona ameshikilia kiti kwa mikono miwili.

Wakati huo Shangazi Merle, mwanamke mwema mwenye kimo cha futi nne na inchi kumi, alikuwa amerudi kutoka kuogelea mtoni, na mataulo manane mabichi begani. Akauendea mwamvuli wa nguo. Ulikuwa juu. Akaujaribu mpini bila matumaini yoyote, na kwa mshangao wake ukateleza. Akaushusha hadi usawa wa paji lake, akaanika mataulo yake yote, akainama nyuma ya mataulo hayo kukamua nguo yake ya kuogelea. Hakuiona pudingi, kwa kuwa ilikuwa upande wa pili, na taulo la kwanza likaificha. Na wachezaji wote walikuwa wameupa mwamvuli kisogo, macho yao kwa Graeme. Hakuna aliyejiuliza kwa nini Neville, mdakaji mashuhuri, hakuwa uwanjani.

Darryl akarusha. Graeme akapiga, na mpira ukaenda chini ya mlimau, mbali, mbali vya kutosha. "Kimbia," walisema wote, hata maadui. Akakimbia. Hatua tano, hatua nane, kreti likimkaribia kama lango la mji uliofunguliwa. Na hapo upepo ukainua kidogo pindo la mataulo, akaona chini yake miguu minne myeusi imesimama kimya, na kitu cheupe, cha duara, kikipita polepole mbele ya pua, kikienda na mzunguko, kisha kikirudi.

Kreti lilikuwa mbele yake hatua nne. Mwamvuli ulikuwa kushoto. Angeligusa kreti kwanza, nani angemlaumu? Sekunde mbili tu, labda tatu. Wanahistoria watabishana. Mimi nasema alichokumbuka ni kioo cha gari, na mwanamke kiti cha nyuma asiyesema neno.

Akatupa gongo. Akakata kushoto kwa kishindo kilichong'oa nyasi, akalipenya taulo la kwanza, la pili likamfunika kichwa akaenda nalo. Neville, akisikia maangamizi yanakuja, akaruka na kulinasa pindo la kitambaa kwa meno, akavuta. Mwamvuli uliojaa grisi ukazunguka kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana duniani, kamba ikakatika, na pudingi, ikiponyoka menoni, ikapaa. Ilipaa juu ya mataulo, mwezi mpevu wa saa tisa alasiri. Graeme alikuwa ameshaushika ukosi wa mbwa kwa mkono wa kulia, asingeuachia hata kwa ufalme. Akajirusha mgongo chini, akanyoosha mkono wa kushoto alioutumia maisha yake yote kwa kazi ndogondogo, na pudingi ikatua kiganjani kwa sauti nzito kama ya mto wa kitanda. Nyuma yake kreti lilianguka. Darryl alikuwa ameligonga kwa mpira.

"Umetoka, shemeji," akasema Darryl, na akasikika kama mtu aliyejuta kushinda.

Graeme alikuwa amekaa kwenye nyasi, taulo shingoni, anafungua kinywa cha Neville kwa vidole viwili, akipapasa ufizi kwa ufizi, chini ya ulimi na nyuma ya magego. Akatoa uzi mrefu na kipande cha kitambaa. Akaangalia pudingi: imetobolewa kitambaa tu, ndani haijaguswa. Bi Thelma alikuwa amesimama juu yake, kofia mkononi, na nywele zake nyeupe alizokuwa hapendi zionekane zilikuwa zikipeperuka.

"Hajala kitu," Graeme akamwambia. "Ni kitambaa tu, Mama. Mzima."

Bi Thelma akainama akamshika Neville masikio yote mawili. Kisha akajifuta uso na kusimama wima, malkia tena. Akasema sheria ni sheria, Colin ndiye aliyeziweka, na kumi na tisa haijawahi kuwa ishirini. Graeme akakubali kwa kichwa. Alijua. Akaanza kutafuta miwani yake.

"Merle," akaita Bi Thelma, "wewe ulikuwa huko nyuma. Pudingi iligusa chini?"

"Haikugusa," akasema Shangazi Merle, akijitoa kwenye mataulo. "Imepita hapa puani kwangu."

"Mikono mingapi?"

"Mmoja. Wa pili ulikuwa shingoni kwa Neville."

Darryl akakohoa, akasema kwa adabu kwamba pudingi si mpira. Mama yake akamgeukia. "Darryl, huyu mbwa tulimkubali kwa mdomo. Nyamaza ukaniletee rangi."

Ukoo mzima ukamfuata hadi kwenye banda la zana, na hapo, mbele ya mlango wa kijani, mkono wa malkia ukiwa na brashi, akasita. "Tuckwell," akasema taratibu, "sijawahi kuliandika. Nitajie herufi." Graeme akamtajia, moja baada ya moja. Likaandikwa orodha ya kulia, chini ya jina la mbwa, na kando yake: pudingi, mkono wa kushoto. Jeanette alilia waziwazi, na Darryl akampiga shemeji yake mgongoni kofi lililomwondolea pumzi.

Kesho yake pudingi ililiwa, ikiwa na alama ya vidole vitano upande mmoja, na hakuna aliyekubali upande huo ukatwe kwanza. Neville alipata kuku mweupe, bila ngozi, bila mfupa, na mkono wa Darryl ulikaa juu ya meza mlo mzima kwa hiari yake. Glasi zilipopata joto, Bi Thelma, aliyeketi kwenye kiti cha mkuu wa meza, aliinua macho.

"Graeme," akasema, "lete barafu."

Graeme akaenda kuleta barafu, na tangu enzi za Colin, enyi mlionisikiliza, barafu haijawahi kuletwa katika nyumba ile kwa fahari kama ile.