Fuwele Yangu na Bwana Nyuzi

Jumatatu, 4 Machi
Wiki haijaanza, mimi nimeshachoka. Binti yangu kaamka na kikohozi. Mama mkwe kaamka na maneno: mtoto anakohoa kwa sababu mama yake analea sumaku ya maabara, halei mwana. Ijumaa anarudi kwake na mjukuu anaondoka naye. Sanduku dogo liko mlangoni tayari.

Labda nipate ajira ya kudumu. Waajiriwa wa kudumu wa maabara wana chumba cha watoto ghorofa ya chini. Sisi vibarua hatuna. Nafasi ni moja, tunaigombania wawili: mimi na Bwana Nyuzi. Anaitwa hivyo kwa sababu hugeuza fuwele, kijiwe angavu kama kioo, ndani ya sumaku kwa nyuzi tano tano za pembe, na hata kutembea hutembea vivyo hivyo.

Mtihani wenyewe: kila mmoja apewe fuwele ya floraidi iliyotiwa chembe za madini adimu. Aing'arishe, aibandike kwenye kijiti, aitie katikati ya sumaku. Mashine huipigia mawimbi, madini huitikia, na kila itikio huwa mstari kwenye skrini. Profesa anataka mistari saba safi. Basi.

Jumanne, 5 Machi
Unga wa kung'arishia umefungiwa kabatini. Ufunguo anao nani? Bwana Nyuzi! Kasema niombe kwa barua, dada yangu, utaratibu ni utaratibu. Nimeandika. Kairudisha, haina tarehe. Nimetia tarehe. Kairudisha, haina sababu. Ya tatu kaipokea kwa mikono miwili, kaenda kula, hakurudi.

Sawa. Mwenye macho haambiwi tazama. Nyumbani kuna boksi la chaki. Binti yangu kachora nayo mlango mzima, ng'ombe mwenye miguu sita. Nikimuuliza nani kachora, anasema ni ng'ombe mwenyewe. Nimemwomba kipande. Kakataa. Nimemwomba kwa upole, kisha kwa jicho. Kanipa kile kifupi, chenye alama za meno.

Jumatano, 6 Machi
Nimesaga chaki kwa kijiko, nimesugua asubuhi yote. Fuwele inang'aa mpaka naona ndani yake usingizi ulionizunguka macho. Nimepangusa kwa pindo la gauni. Nimebandika. Nimewasha mashine.

Mistari kumi na mitatu!

Saba ya kawaida, na mingine sita katikati, imesimama kama askari. Profesa kavaa miwani, kavua, kavaa tena. Kasema katika fuwele hii hajapata kuiona. Kaniita mwanangu. Kapigia simu wenzake wa idara nzima waje kesho. Bwana Nyuzi kameza mate, nimemsikia.

Jioni nimemwambia mama mkwe afungue sanduku. Kanijibu kuwa mzigo hautuliwi kwa tetesi, mke wa mwanangu.

Alhamisi, 7 Machi
Idara nzima imekuja. Bwana Nyuzi kaomba, kwa unyenyekevu, aigeuze kidogo fuwele ya dada yake. Nyuzi tano. Ile saba ikasogea, maana fuwele ikigeuka na itikio lake hubadilika. Ile sita, tuli. Nyuzi kumi. Tuli. Ishirini. Imeganda palepale kama wageni waliosikia chakula kinapakuliwa.

Kasema taratibu, kwa utamu, kuwa kisichojali fuwele imeelekea wapi hakimo ndani ya fuwele. Kiko juu yake. Ni unga. Dada, umeipaka nini?

Ningeweza kuisingizia gundi. Nilishafungua mdomo. Nikamwona akilini yule ng'ombe aliyejichora mwenyewe. Nikasema: chaki. Ya mwanangu. Unga ulifungiwa, na barua yangu ya tatu iko mfukoni mwa Bwana Nyuzi, na tarehe inayo.

Akaitoa. Profesa kaisoma yote. Wageni wakaangalia viatu vyao. Kisha katoa somo refu: ndani ya chaki mna madini mengine, na itikio lake ni ile sita kila siku ya Mungu. Kaandika ubaoni jina la kisomi la chaki. Linaanza na kalsiamu. Mwisho wake sikuuona, macho yalishajifunga.

Ijumaa, 8 Machi
Hukumu. Profesa hampi mtu nafasi: mmoja anaficha unga, mwingine anakuja na wa kwake. Mtihani unarudiwa Jumatatu. Ufunguo wa kabati sasa umetundikwa ukutani. Onyo kwangu: chochote cha nyumbani kisivuke mlango wa maabara. Nimesema ndiyo mara tatu.

Mama mkwe kaahirisha safari hadi Jumatatu jioni, kwa kununa. Sanduku halijaondoka mlangoni. Binti yangu kalilaza ndani mwanasesere wake, kamfunika, kamwambia asiogope. Nimegeuka nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sasa nafikiri. Unga wa kabatini ni wa wote. Lakini kwa unga mmoja mng'ao utakuwa mmoja, na mimi siwezi kwenda kugombea sare. Nimeichunguza dawa ya meno ya mtoto. Inang'arisha ajabu! Nimesoma boksi mara mbili, neno chaki halimo popote. Cha kwanza kuandikwa ni kalsiamu kaboneti. Na fuwele yenyewe ni kalsiamu floraidi.

Ndugu wa ukoo mmoja hao. Hawatasemeana.