Mafua Kabla ya Bungoma

Jumatatu, 7 Julai

Ukungu mpaka saa nne. Mji wetu wa Kiminini umeganda kwa baridi. Nimeamka koo kama msasa, sauti imebaki nusu. Na Jumapili kwaya yetu inaimba Bungoma, mbele ya makanisa kumi na mawili. Ubeti wa besi ni wangu peke yangu. Nimeungojea miaka mitatu.

Sellah, mwalimu wa kwaya, amesema wazi jioni hii: atakayekohoa kwenye mazoezi ya Ijumaa ataimba na wengine tu. Ubeti utapewa Kigen. Kigen wa agroveti, duka la dawa za mifugo, alikuwa amekaa mbele, skafu shingoni, thermosi ya chai ya tangawizi mapajani. Akanipa pole. Alikuwa anatabasamu.

Mke wangu Phanice anasema ni mafua tu. Nivae vizuri, ninywe vitu moto, nipumzike, yataisha yenyewe. Yenyewe lini? Mimi nina siku nne.

Jumanne, 8 Julai

Mpango wa kwanza: jasho. Mchana niliacha cherehani, nikaingiza jiko la makaa chumbani, nikafunga madirisha, nikajifunika blanketi tatu. Phanice alirudi kutoka sokoni akanikuta kichwa kinaniuma na maneno yanatoka polepole. Akalitoa jiko nje. Akanitoa na mimi. Akasema makaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu wakiwa wamelala, na yeye hataki kuwa mjane kwa sababu ya besi.

Mpango wa pili: kemisti. Nilimwomba Jelimo, mwenye duka la dawa, antibaiotiki, zile kali. Akauliza kama nina homa, kama napumua kwa shida, kama kifua kinauma. Hapana, hapana, hapana. Basi, akasema, dawa hiyo haifanyi lolote kwa mafua. Nisukutue koo kwa maji ya chumvi. Nikasema kwa kweli dawa ni ya ng'ombe. Akauliza ng'ombe ana kilo ngapi. Nikakwama. Akanielekeza agroveti. Yaani kwa Kigen.

Phanice amesema mamake kule Ndalu anakohoa tangu wiki jana. Nikamjibu kila mtu anakohoa, ni Julai.

Jumatano, 9 Julai

Zahanati. Watu thelathini na wawili mbele yangu, wengi akina mama wenye watoto wachanga. Nilivumilia dakika ishirini. Mzee mmoja kwenye benchi akaniambia siri: ukienda hospitali kubwa Kitale, upande wa dharura, useme kifua kinabana, hupangi laini wala foleni. Unapokewa mlangoni. Nikaaga pale pale.

Kigen ametuma sauti yake kwenye WhatsApp ya kwaya, akiimba ubeti wangu. Ameandika, ati, "Najaribu tu, bana." Watu kumi na mmoja wamempigia makofi. Sellah ni mmoja wao.

Alhamisi, 10 Julai

Nilifika Kitale saa tatu. Nikashika kifua, nikakunja uso. Ilifanya kazi kupita kiasi. Dakika mbili tu niko kitandani, shati limevuliwa, nyaya zimebandikwa kifuani, sindano mkononi. Nikamtajia muuguzi, Kiplangat, habari ya koo. Akasema koo baadaye, kwanza moyo. Nisile, nisinywe, nisiinuke. Mpaka majibu ya damu yatoke, kisha yarudiwe baada ya masaa matatu.

Saa saba nikasikia sauti ya Phanice. Nikadhani amekuja kunitafuta. Hapana. Alikuwa anamsukuma mamake kwenye kiti cha magurudumu. Viola, mhudumu wa afya wa kijijini Ndalu, alikuwa amempitia mama asubuhi, akahesabu pumzi zake dakika nzima, akaita gari bila kungoja.

Sisi Wabukusu mkwe hampi mama mkwe mkono. Akimwona njiani anapita upande wa pili. Na mimi hapa, kifua wazi, hatua nne kutoka kwake. Nikavuta shuka mpaka juu ya kichwa.

Chini ya shuka nilisikia yote. Mama alikuwa anapumua fupi fupi, kama mtu aliyepanda mlima wa Kapsokwony mbio. Kiplangat alisema inaonekana ni nimonia, anahitaji oksijeni sasa hivi. Lakini oksijeni yote ina watu, isipokuwa ile ya kitanda nilicholalia mimi, na mgonjwa wa moyo hasogezwi ovyo. Ataenda kutafuta mtungi wodini. Phanice akaanza kulia kwa sauti ya chini. Miaka kumi na sita ya ndoa, nimemsikia akilia hivyo mara mbili tu.

Nikaketi. Shuka nimejifunga mpaka shingoni.

"Daktari," nikasema, "mimi sina moyo."

Kiplangat akanitazama.

"Yaani hauumi. Ni mafua. Nilitaka kuruka laini."

Kiplangat alizibandua nyaya moja moja, na hakuwa na upole. Mama mkwe aligeuza uso ukutani, kwa heshima yangu au yake, sijui. Nilitoka nje na shuka la hospitali. Shati nimelisahau ndani.

Ijumaa, 11 Julai

Mama amelazwa. Anapumua vizuri kidogo. Phanice amekuja kubadilisha nguo. Nilitaka anigombeze, nimalizane na hilo. Alisema tu, "Ungekaa chini ya ile shuka dakika kumi zaidi, Baba Sandra, sijui leo tungekuwa tunaongea nini." Nikapika uji wa mama, nikaujaza kwenye chupa, nikampa apeleke yeye. Sikujua kingine cha kufanya.

Mazoezini nilikohoa mara moja, nikiwa bado mlangoni. Sellah alimwashiria Kigen.

Jumapili, 13 Julai

Bungoma. Kigen aliimba vizuri. Naandika hivi kwa uchungu. Mafua yangu yameisha, tena yenyewe. Sauti imerudi yote, nikaitumia safu ya nyuma, kati ya wanaume wawili warefu.

Mama ameondolewa oksijeni. Ametuma salamu kupitia Phanice: anashukuru kwa kitanda, na kama inawezekana, nikienda hospitali siku nyingine nibaki na shati.

Jumatatu, 14 Julai

Jino. La nyuma, chini, tangu alfajiri. Shavu limeanza kuvimba. Phanice anasema daktari wa meno huja kituo cha afya kila Jumanne, yaani kesho, nifike mapema na ningoje zamu yangu kama watu. Ni kweli. Nimekubali mbele yake.

Lakini Kipkemei wa karakana ana koleo mpya, na kwake hakuna laini. Nakwenda sasa hivi, kabla Phanice hajarudi kutoka wodini.